Kicheko cha Muleta Mukate

Jumamosi ile soko kuu la Butembo lilikuwa limejaa hata vumbi lilikosa mahali pa kutua. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao, waliteremka na magunia ya viazi wakipiga mayowe watu wapishe. Redio tatu ziliimba nyimbo tatu kwa wakati mmoja, na mama mmoja muuza makayabo alikuwa akimtukana mteja aliyeshikashika samaki wake bila kununua. Katikati ya fujo hiyo alipita msichana mwenye fimbo nyeupe. Alivaa kikwembe cha bluu kilichofungwa vizuri kiunoni na libaya lenye mikono iliyovimba mabegani, nywele zimesukwa mistari myembamba. Hakushikwa mkono na mtu. Watu walimpisha wenyewe, wengine kwa huruma, wengine kwa woga, maana kipofu asiyeomba ni kitu ambacho soko lilikuwa halijakizoea.

Fimbo ikagonga chuma cha pikipiki, na kabla hajasimama, kifua chake kikagonga kapu kubwa la mikate.

"Mama, pole pole! Utamwanga mukate ya batu!" ikasema sauti ya kijana.

"Mimi njo nimekugonga, ao wewe njo umesimamisha moto yako mu njia ya batu?"

"Mais njia iko mukubwa, mama."

"Iko mukubwa kwa mwenye kuona."

Kyakimwa, kwani ndilo jina la msichana huyo, alinyoosha mkono kwenye kapu, akashika mkate mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, kisha akaunusa.

"Hii ni mukate ya siku gani?"

"Ya leo! Imetoka mu furu sasa hivi."

"Imetoka jana mangaribi. Umeifunika na sashe ya plastike ipate jasho, ionekane ya leo. Mukate ya leo ukibonyeza inarudi. Hii imebaki na shimo, sawa shavu ya muzee."

Wamama waliokuwa wakipanga foleni kwenye kapu lile walicheka hadi mmoja akaegemea pikipiki. "Haoni, mais anaona!" akasema. Wengine wakarudisha mikate kapuni.

"Jina yako nani?" kijana akauliza.

"Unataka kunishitaki?"

"Nataka kujua mutu mwenye ameniulia biashara."

"Kyakimwa."

"Mimi niko Zorobabel. Batu banasema Zoro."

"Zoro wa mukate ya jana," akasema Kyakimwa, akaendelea na njia yake. Nyuma yake akasikia kijana yule akijichekea mwenyewe, kicheko cha chini, cha mtu aliyekamatwa na hakukasirika. Kicheko hicho kilimfuata mpaka nyumbani.

Kesho yake, baada ya misa, Zorobabel, aliyekuwa ameulizia sokoni, alimsubiri mlangoni pa kanisa na mkate ndani ya gazeti. Kyakimwa akaubonyeza, ukarudi.

"Hii ni ya leo," akakubali.

"Niliamuka saa kumi juu yako."

"Uliamuka juu ya mukate."

"Juu yako," akasema Zorobabel, "mukate ni kisingizio."

Mwaka huo serikali ilikuwa imeleta mradi wa vioski kwa vipofu. Vilikuwa vibanda vya mbao na mabati, vyenye rafu ndani na meza ya kuuzia mbele, na viliwekwa kwenye viwanja vya ofisi za serikali, mahali ambapo watu hawakosi kupita. Kipofu aliyetaka kioski alifundishwa miezi mitatu: kupanga vitu, kupokea wateja, kujua noti kwa vidole. Kyakimwa alipofuka akiwa na miaka tisa, kwa ugonjwa wa surua. Tangu hapo kazi yake nyumbani ilikuwa kumenya maharagi na kukaa mlangoni. Wageni wakija, mama yake alisema, yeye akisikia, "Uyu njo musalaba yenye Mungu alinipatia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja kilima kilicho nyuma ya nyumba yake.

Basi majina yaliposomwa, na la Kyakimwa likawa la nne, alirudi nyumbani akitembea mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza. Nafasi za Butembo zilikuwa zimejaa. Alipewa Beni.

Siku ya mwisho ya mafunzo wakasomewa sheria. Kioski hakiuzwi wala hakiazimwi. Mwenye kuona haruhusiwi kukaa ndani. Miaka miwili ya kwanza ni ya kujaribiwa, na katika miaka hiyo, kipofu yeyote aliye na mume au mke mwenye macho anatoka kwenye liste, kwa kuwa huyo amekwisha kupata msaada. Baada ya miaka miwili kuna ukaguzi, kisha karatasi ya mwisho.

"Ukishapata ile karatasi," mwalimu akawaambia, "ata ukiolewa na guvernere, kioski inabaki yako."

Wote walicheka, na Kyakimwa akacheka pamoja nao. Nani angemuoa?

Beni ina joto kuliko Butembo, na kiwanja cha ofisi kilinuka kakao iliyoanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Kyakimwa alikodi chumba karibu, kwa Mama Berthe, mjane aliyefagia kiwanja hicho cha ofisi. Kioski chake kilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na hakuna kitu ndani kilichokuwa mahali kwa bahati. Sabuni chini, upande wa kushoto. Chumvi ilifungwa fundo moja, sukari mafundo mawili. Biskuti juu, majani ya chai nyuma ya biskuti, na mbele kabisa, kwenye meza, mkate. Mwezi wa kwanza wateja walikuja kutazama. Mwezi wa pili wakaja kununua. Mwezi wa tatu polisi mmoja aligombana na mwenzake aliyepita mbele ya foleni, akasema, "Heshimu Mama Kioski!" Kyakimwa aliinama chini ya meza, akajifanya anatafuta sabuni, mpaka machozi yakauke.

Mkate uliletwa na Zorobabel. Mara tatu kwa wiki alitoka Butembo alfajiri, akapita Kabasha na baridi yake, akafika Beni kabla ofisi hazijafunguliwa. Alikuwa na wateja wengi njiani, lakini kwa Kyakimwa alifika mwisho, ili asiwe na haraka. Siku ambazo hakuja, alipiga simu saa sita mchana, wakati watumishi wa serikali wamekwenda kula.

"Allô, Mama Kioski."

"Nani anasema?"

"Unanijua."

"Sikujue. Sauti yako iko sawa mutu wa mukate ya jana."

"Ile neno haitaisha?"

"Itaisha siku utazeeka."

"Nikizeeka na wewe, iendelee tu."

Kyakimwa akasema, "Unamaliza unite yako ya simu bure."

"Bado iko. Niambie leo umevaa nini."

"Wewe njo unaonaka. Wewe njo uniambie."

"Nikikuwa mbali ninaona mubaya. Nikikuwa karibu ninaona muzuri sana, mpaka ninasahau njia."

Siku moja alimletea kikwembe. Kyakimwa alikipitisha shavuni, akauliza rangi. "Njano," akasema Zorobabel. "Njano ya namuna gani?" Kijana akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Ya ndizi ndogo, zenye zimeiva mpaka zinaanza alama nyeusi." Kyakimwa akaiona. Kwa miaka kumi na tano hakuwa ameona rangi yoyote, na sasa aliiona ile njano waziwazi, na karibu nayo mkono wa marehemu baba yake ukimenya ndizi. Siku hiyo alijua kwamba anampenda mtu huyu.

Ulipofika mwezi wa kumi na saba wa kioski, Zorobabel aliegemea meza saa ya mchana, kiwanja kikiwa kitupu, akasema, "Ninataka wazee wangu bapande kwa mama yako na mbuzi ya mahari."

Kyakimwa aliacha kupanga biskuti.

"Unajua sheria."

"Ninaijua. Acha kioski. Mimi nitakulisha."

"Zoro, sikia. Nikiacha kioski, nitarudia kumenya maharagi, safari hii mu nyumba yako. Na siku moja utachoka, utawaambia wageni, uyu njo musalaba yangu."

"Mimi? Hapana hata siku moja!"

"Mama yangu ananipenda, na alisema." Akanyoosha mkono mpaka ukapata mkono wake. "Imebaki miezi saba. Batu bakituona, batasema tumekwisha kuoana. Tufiche. Mbele ya batu, wewe ni muleta mukate tu. Unakuja, unasalimia, unaacha mukate, unaenda. Usinishike mukono. Usiniite chérie."

"Na nikiwa na neno la kukuambia?"

"Uniambie pole pole, ku sikio."

Ndivyo walivyofanya. Kwa miezi saba Zorobabel aliweka mikate mezani, akainama kama mtu anayehesabu, na kunong'ona. Alinong'ona mambo ya kipumbavu na mambo mazito. Alinong'ona kwamba amepata kiwanja kidogo Butembo, karibu na dada yake. Kwamba mtoto wao wa kwanza hatapewa jina la mkate wowote. Kyakimwa aliupenda mnong'ono ule kuliko wimbo. Pumzi yake ilinuka chachu na petroli. Wakati mwingine mteja alikuja katikati ya neno, na neno likabaki nusu mpaka keshokutwa.

Ukaguzi ulikuja siku ya Jumanne. Mkaguzi aliitwa Monsieur Ésaïe, mtu wa Kasai aliyehamishiwa Beni, mwenye viatu vilivyolia na Kiswahili kilichochanganyika na Lingala. Alisimama mbele ya kioski na kalamu.

"Mama, unipatie sabuni."

Akapewa.

"Sukari." Akapewa. "Chumvi." Akapewa. "Biskuti mbili na chai." Kabla hajamaliza kusema, vilikuwa mbele yake.

"Très bien," akasema, na kalamu ikakimbia kwenye karatasi. Watumishi waliokuwa wamezunguka wakapiga makofi. Mama Berthe, na ufagio wake mkononi, akapiga kigelegele kifupi.

Wakati huo pikipiki ya Zorobabel ikaingia getini, ikikohoa ilivyozoea, na nyuma yake nyingine, ya Esdras, motari mwenzake wa kwenye parkingi, kijiwe cha wenye pikipiki pale Beni. Zorobabel akasalimia, akaanza kuweka mikate.

"Ebongo, huyu ni nani?" Monsieur Ésaïe akauliza. Kalamu ilikuwa imesimama. "Ku porte pale nimeambiwa mama huyu ana bwana, mwenye moto. Ni wewe?"

Kyakimwa alishika ukingo wa meza. Miaka miwili ilikuwa ndani ya jibu hilo moja.

Zorobabel akacheka.

"Mimi? Shefu, munanichekesha! Mimi nioe kipofu? Atanipikia na nini, na masikio? Nikipotea mu nyumba, nani atanitafuta? Ni kliyanti tu ya mukate."

Esdras akacheka kwa nguvu. Watumishi wakacheka, wengine kwa aibu. Monsieur Ésaïe naye akacheka, akatia sahihi, akasema karatasi itatoka baada ya wiki sita.

Watu wakampongeza Kyakimwa. Aliwajibu mmoja mmoja, ahsante, wasingya kwa lugha ya kwao, ahsante. Zorobabel aliinama mezani na kunong'ona, "Tumeshinda, chérie." Kyakimwa akamgeukia mteja mwingine.

Mtu aliyeishi bila macho miaka kumi na tano anajua vicheko kama mwenye macho anavyojua nyuso. Kicheko cha uongo kinatoka kooni, na kinaisha kabla ya wakati wake. Kile cha Zorobabel kilitoka tumboni. Na maneno yale ya kupika kwa masikio, ya kupotea nyumbani, hayakusitasita hata kidogo. Hayakuzaliwa pale mbele ya mkaguzi. Yalikuwa yamekwisha kusemwa mahali fulani, zaidi ya mara moja, na watu walikuwa wameyacheka.

Jioni hiyo simu iliita mara tisa. Kyakimwa aliisikiliza, kisha akaizima. Kesho yake akamwomba mama mmoja wa Beni amletee mkate.

"Kijana alikuokoa," Mama Berthe akamwambia wiki ya pili, wakichambua majani ya sombe. "Angesema kweli, ungekuwa unalilia kioski sasa."

"Ninajua, mama."

"Wewe mwenyewe ulimuambia ajifiche."

"Ninajua."

"Sasa?"

"Nilimuambia aseme ni muleta mukate. Sikumuambia acheke."

Mama Berthe akaendelea na sombe yake. "Banaume banachekaka mambo yenye inabaogopesha," akasema mwishoni. "Muzee wangu alichekaka askari ku barriere ya njia. Mikono ilikuwa inamutetemeka mu mufuko."

Maneno hayo yalimfanyia kazi Kyakimwa kuliko alivyotaka. Mwisho wa wiki alipanda gari kwenda Butembo kumsalimu mama yake, na aliposhuka, alikuwa hajapiga hatua kumi aliposikia, "Kyaki!" Kila Jumamosi tangu ukaguzi, Zorobabel alikuwa akisimama pale, akitazama kila gari kutoka Beni. Sauti yake ilikuwa imekonda.

Wakaingia kwenye mgahawa mdogo, wakaletewa chai. Hakuna aliyeinywa.

"Nilifanya juu yako," Zorobabel akaanza. "Haki ya Mungu. Shefu aliniangalia, nikaona kioski inaenda."

"Ile sehemu ninaielewa. Nikuulize kitu kimoja tu, na usinidanganye, maana nitasikia. Ile kicheko uliitoa wapi?"

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe, kikazunguka tena.

"Ku parkingi," akasema. "Ba Esdras na benzake. Walijua mambo yetu tangu zamani, juu ninasimamaka sana kwako. Kila siku banasema, Zoro anaenda kuona mwenye haonake. Zoro ataoa fimbo. Mwanzo nilipigana. Kiisha nikaona, ukicheka wewe wa kwanza, banaacha."

"Ulicheka mara ngapi?"

Kijiko kikasimama.

"Zoro."

"Kila asubui yenye nilikuja kwako."

Kyakimwa aliinamisha kichwa. Kwa hiyo siku zote zile alizokuwa akisikiliza pikipiki yake getini, Zorobabel alikuwa ametoka kumcheka, na kutoka huko akaja kumnong'oneza. Mdomo uleule, asubuhi ileile.

"Niko mutu mubaya," Zorobabel akasema, naye alikuwa analia, kilio cha mwanamume asiyetaka mwenye mgahawa asikie. "Mais ninakupenda. Ile kicheko ni ya parkingi. Yenye iko kweli ni yenye ninakuambia ku sikio."

Kyakimwa naye alikuwa analia. Alikuwa amekuja akiwa tayari kuachana naye, na sasa mkono wake mwenyewe ulikuwa umevuka meza kumtafuta. Akaupata uso wake, akaufuta kwa kiganja.

"Sikia," akasema. "Kuficha nilikutuma mimi. Ile niliikubali. Mais siku karatasi inatoka, hakuna tena kitu cha kuficha. Siku ile utakuja mu kiwanja, mbele ya batu bote benye walicheka, nitakuuliza mimi ni nani kwako. Utajibu. Hapana ku sikio. Kwa sauti."

"Nitasema mpaka basikie kule mbali ku Mutwanga."

"Basikie tu ku geti, inatosha."

Wakacheka pamoja, na chai ikanywewa ikiwa baridi.

Wiki nne zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote. Zorobabel alirudi kuleta mkate. Simu za mchana zilirudi, na matani yake. Mama yake Kyakimwa alipoambiwa kwamba kuna wazee wanataka kupanda na mbuzi, aliuliza mara tatu, "Kwa ajili ya nani?" Kisha akaingia chumbani, akasikika akiimba wimbo wa Bikira Maria. Fundi wa Beni alimshonea Kyakimwa libaya jipya lenye ukosi mpana, na Mama Berthe akalikagua mshono kwa mshono, akasema, "Leo utaonekana. Ata mwenye hataki, atakuona."

Karatasi ilitolewa Ijumaa, saa nne. Monsieur Ésaïe alisoma jina lote, akaweka bahasha mkononi mwa Kyakimwa, watu wakapiga makofi. Kyakimwa aliipapasa ile karatasi, akapata mahali muhuri ulipokwaruza. Ilikuwa yake. Hakuna mtu wa kuiondoa tena, aolewe asiolewe.

Pikipiki ikakohoa getini. Nyuma yake zikaingia nyingine, mbili, tatu. Akatambua sauti ya Esdras na ya wenzake. Siku ya sherehe, watu wa parkingi hawakosi. Walijua kuna fanta.

Zorobabel akafika mezani. Alikuwa amejipaka manukato, na chini ya manukato kulikuwa na chachu ileile. Mikate ikawekwa, mmoja, mmoja. Mikate ikagongana.

Kyakimwa akanyanyua uso. Aliogopa sauti isitoke, lakini ilitoka vizuri, na watu waliokuwa wakizungumza wakaacha.

"Karibu, Zorobabel. Batu ba hapa banaulizaka wewe uko nani kwangu. Leo baambie mimi niko nani kwako."

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa furaha, maana alikuwa ameelewa. Mama Berthe akaweka ufagio chini.

"Jibu basi, Zoro!" Esdras akasema, na mmoja wao akakohoa kikohozi kile cha kuzuia kicheko.

Zorobabel akainama. Pumzi yake ikafika sikioni, ya moto, ya haraka.

"Wewe njo bibi yangu," akanong'ona. "Unajua. Unajua mu roho yako."

"Sema kwa sauti."

"Kyaki, tafazali. Nitasema kiisha. Tukikuwa peke yetu. Hapa bako..."

"Bako nani?"

Kyakimwa alingoja. Alingoja kama mtu anavyongoja mgonjwa avute pumzi nyingine. Na akiwa anangoja akakumbuka saa ile ya mchana, kiwanja kitupu, mkono wake juu ya mkono wa kijana huyu, akimwambia pole pole, ku sikio. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alidhani anamfundisha kuficha kwa miezi saba. Kumbe alimpa nyumba, na mtu huyu amezoea kuishi humo, na hatatoka.

"Zoro, umekuwa bubu?" Esdras akaita. "Ao bubu ataoa kipofu?"

Parkingi yote ikacheka. Na baada yao, kwa kuchelewa kidogo, kwa sauti ndogo ambayo angeweza kuikana baadaye, Zorobabel naye akacheka.

Kyakimwa alisogeza mikate upande wake, akaipanga. Aliipanga vizuri kuliko siku zote, kila mmoja mahali pake, kwa sababu asingepanga angeanguka.

"Wasingya," akasema, kwa sauti aliyowapa wateja wote. "Wiki ijayo usilete. Mama wa hapa Beni ataleta."

"Kyaki." Hata jina hilo alilinong'ona.

Kuna misiba ambayo watu hawaji kukaa nayo, kwa kuwa hakuna maiti ya kuzika. Mama Berthe alijua msiba akiuona, akaja akasimama kando ya kioski, mkono wake juu ya mbao. Zorobabel alisimama kidogo zaidi. Kisha hatua zake zikaondoka, pikipiki ikakohoa, ikatoka getini, na barabarani ikachanganyika na nyingine mpaka hata masikio ya Kyakimwa hayakuweza kuitenganisha.

Mbele ya meza watu walikuwa wamesimama bila kujua kama waende au wabaki. Kyakimwa aliweka bahasha ya karatasi yake chini ya rafu, akafuta mikono kwenye libaya jipya, akanyanyua kichwa.

"Mwenye kufuata ni nani?" akauliza, kwa sauti ambayo kiwanja kizima kiliisikia.